Somo la Afya: Mgonjwa wa Saratani Anapokonda

Mwalimu, andika ubaoni maneno mawili: NJAA na KUKONDA. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti. Leo tutaona ya kuwa maneno hayo si kitu kimoja.

Mtu mwenye njaa akipata chakula hunenepa. Lakini mgonjwa wa saratani iliyoenea mwilini huweza kukonda hata akila. Kwa nini? Ugonjwa huufanya mwili ujile wenyewe. Nyama ya mikono na mapaja hupungua, na mafuta pia. Tena hamu ya chakula hupotea. Basi tumieni mizani. Mtu wa kilo 60 akipungua zaidi ya kilo 3 kwa miezi 6, bila ya kukusudia, apelekwe kwa daktari.

Daktari atatafuta kwanza mambo yanayotibika: maumivu, kichefuchefu, vidonda vya kinywa, choo kigumu. Saratani ya umio, ambayo huonekana sana Afrika ya Mashariki, huziba njia ya chakula. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kutiwa mrija ndani ya umio ili ameze tena. Ziko pia dawa za kuamsha hamu ya kula. Lakini hazirudishi nyama iliyokwisha kupotea, tena zina madhara yake. Msizinunue bila ya shauri la daktari.

Nyumbani, mpeni chakula kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, wakati anapotaka mwenyewe. Uji wa maziwa uliotiwa karanga zilizosagwa, yai lililopikwa, mtindi na parachichi vina nguvu nyingi katika vijiko vichache. Msafisheni kinywa kabla ya kula. Akiweza, atembee kidogo uani.

Msimlazimishe. Kumlazimisha humtapisha, na huleta ugomvi nyumbani. Mama asilaumiwe kuwa hajui kupika, wala mgonjwa asiitwe mkaidi. Siku za mwisho, mwili hautaki tena chakula. Hafi kwa sababu amekataa chakula. Amekataa chakula kwa sababu ugonjwa umemshinda. Hapo kumlowesha midomo kwa maji, na kukaa karibu naye, ndiyo matunzo.

Sasa zungumzeni darasani:
1. Njaa na kukonda kwa saratani vinatofautianaje?
2. Jirani akisema, "Mshindilieni chakula," mtamjibu nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.