Kisamvu Hutwangwa Kwanza

Muulize mpishi kwa nini kisamvu hutwangwa kabla ya kubandikwa, atakwambia kwamba bila kinu hakilainiki. Ni kweli, ila kinuni kuna kazi nyingine, tena iliyo nzito zaidi.

Majani na mizizi ya muhogo ina linamarini, kemikali iliyobeba sianidi. Linamarini hukaa katika kifuko ndani ya seli. Kimeng'enya cha kuivunja, linamarase, kimo kwenye ukuta wa seli. Mmea ukiwa mzima, havikutani. Mchi ukishaponda seli, vinakutana.

Kimeng'enya ni protini iliyojikunja ikaacha upenyo wa umbo maalumu. Linamarini huingia humo, hukatwa, vipande vikatoka, na upenyo ukabaki wazi kwa nyingine. Kimeng'enya chenyewe hakipungui, ndiyo maana kidogo tu hufanya kazi kubwa. Mwishoni hutoka sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi tu, hivyo hupeperuka upesi.

Joto huharakisha kazi hiyo, lakini lina mpaka. Linamarase hushamiri karibu na nyuzi 55. Zikipita 70 hivi, mikunjo inafumuka na upenyo unapotea. Kwa hiyo anayetumbukiza muhogo mchungu mzima kwenye maji yanayotokota anaua kimeng'enya kabla hakijaanza kazi, na linamarini yenyewe haiogopi moto huo. Kuchemsha sana si dawa ya kila sumu.

Maji nayo yana nafasi yake. Makopa yakikaushwa harakaharaka juani, kimeng'enya husimama kwa kukosa unyevu, sumu ikabaki ndani. Hapa ndipo penye tofauti ninayoiona muhimu kuliko zote: moto huua, ukavu husimamisha tu. Mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia aliitumia tofauti hiyo kuwasaidia watu wa maeneo yenye konzo, maradhi ya kupooza miguu yanayowapata walaji wa muhogo mchungu usioandaliwa vyema, yakiwemo maeneo ya Kongo, Msumbiji na Tanzania. Unga wa muhogo huloweshwa kwa maji, hutandazwa tabaka jembamba, ukaachwa saa 2 juani au 5 kivulini. Kimeng'enya kilichokwama kinaendelea na kazi, sianidi inatoka. Unga huo usilazwe. Usongwe ugali siku hiyohiyo, maana ukikaa na unyevu huota ukungu.