Zamu ya Kusema: Watoto, Kiingereza na Vikundi Vidogo (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulizungumzia vitabu. Leo tuingie darasani kipindi kikiendelea, tusikilize nani anasema.

Tuanze na hesabu. Kipindi cha Kiingereza kuanzia darasa la tatu katika shule za msingi za Tanzania ni dakika 40. Tuseme mwalimu ni mtu wa kujizuia: anatumia nusu ya muda huo kueleza na kuandika ubaoni, kisha dakika 20 anawaachia watoto. Wakiwa 45, ambao ndio uwiano uliowekwa na serikali, kila mmoja anapata sekunde 27 hivi. Wakiwa 90, na darasa la namna hiyo si la ajabu tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, anapata sekunde 13. Wakiwa 8, anapata dakika mbili na nusu. Sekunde 13 zinatosha kusimama, kusema sentensi moja na kuketi. Tena hizo ni endapo zamu itamfikia kila mtoto.

Mwalimu aliyebanwa hivyo hufanya nini? Huwaitikisha wote kwa pamoja. Sina ugomvi na kuitikia: ulimi unazoea, na mwenye haya anapata pa kujifichia. Tatizo ni kwamba kosa nalo linapata pa kujifichia.

Nilipokuwa nikifundisha darasa la tano, nilikuwa na binti mmoja wa dawati la pili ambaye midomo yake haikukosea hata mara moja kufuata kiitikio. Muhula mzima nilimhesabu miongoni mwa wanaojua. Siku moja niliwachukua watoto saba, yeye akiwamo, tukaketi chini ya mwembe, kila mtu aeleze kazi za nyumbani kwao. Zamu yake ilipofika alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo: “My mother, he sell fish.” Hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza niliyopata kuisikia.

Tazama kosa lenyewe. Kwetu “yeye” ni yeye, awe mama au baba. Mtoto hana sababu ya kushtuka anapomwita mama yake “he”. Sikumkatiza. Nilimuuliza, nikilitia uzito neno moja: “Where does she sell the fish?” Akafikiri, akajibu: “She... she sell at the market.” Kosa moja likawa limekwenda, lile la “sell” likabaki, nami nikaliacha lisubiri siku yake. Kulirudisha kosa likiwa limenyooka, bila kumvunja mtoto mazungumzo yake, kunataka umsikie yeye peke yake. Katika sauti 90 huwezi.

Ndivyo ilivyo pia kwa matamshi. Mtoto aliyekua na Kiswahili kinachotenga th ya “thamani” na dh ya “dhahabu” ana akiba ambayo Wafaransa na Wajerumani wanaihangaikia ukubwani. Lakini irabu zetu ni tano tu, kwa hiyo “ship” na “sheep” kwake ni neno moja, na konsonanti ikiachwa uchi mwishoni mwa neno huivisha irabu. Mwalimu lazima aone midomo, naye mtoto aone ya mwalimu, na hilo halifanyiki kutoka dawati la nyuma.

Wapo watakaosema mtoto akisikia lugha sana atasema tu. Kanada walilijaribu jambo hili. Kuanzia mwaka 1965 huko St. Lambert, karibu na Montreal, watoto wa wazazi wanaozungumza Kiingereza walifundishwa masomo yao kwa Kifaransa tangu chekechea. Programu za aina hiyo zilienea, na watafiti wakaona kwamba kuelewa walielewa vizuri mno, ila kusema na kuandika kulibaki nyuma. Mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain akaeleza kwamba kusikia peke yake hakutoshi. Sharti mtoto asukumwe atoe maneno yake mwenyewe.

Kuhusu ukubwa wa madarasa, jaribio mashuhuri zaidi lilianza jimbo la Tennessee, Marekani, mwaka huohuo wa 1985. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine katika madarasa ya watu 13 hadi 17, wengine 22 hadi 25. Wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu, na waliofaidika zaidi ni watoto Weusi na wa familia maskini. Jaribio hilo halikuhusu lugha ya kigeni, na darasa lao “kubwa” kwetu lingeitwa dogo. California nao wakapunguza madarasa kuanzia 1996, kwa haraka kiasi kwamba waliajiri walimu wengi wasio na sifa kamili, na mafanikio yakawa haba. Idadi ndogo peke yake haitoshi: mzazi anayelipia tuisheni ya watoto sita, huku mwalimu akihutubia kama yuko mbele ya sitini, amenunua nafasi ya kukaa tu.

Wala mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja sio jibu. Akiwa peke yake na mtu mzima, mtoto hubaki kujibu maswali. Kuuliza, kubisha, kumsahihisha mwenzake na kucheka naye, hayo anayapata kwa wa rika lake. Watano hadi wanane wanatosha.

Na jambo hili si geni kwetu. Chuoni pwani, yaani kwenye madrasa ya Kurani, kila mtoto ana juzuu yake na somo lake, wakubwa huwasikiliza wadogo, na mwalimu humsikiliza kila mmoja akisoma.

Mwenye watoto 90 na asiyeweza kuwapunguza, awagawe vikundi 12, vyote vizungumze kwa wakati mmoja, yeye aketi na kimoja kila kipindi. Kwa vipindi vitano kwa wiki atakuwa amevifikia vyote kabla ya wiki tatu kwisha. Kelele zitakuwapo, na mwalimu mkuu atachungulia dirishani akidhani darasa halina mwalimu. Amkaribishe ndani, amketishe na kikundi cha nyuma.

Wiki ijayo: nani akae na nani, na tufanyeje mmoja anapomeza zamu za wenzake.