Rasta Haisomi Pakiti

Mkulima wa Ilula au Meru akisema nyanya zake zimepata rasta, wenzake hawaulizi zaidi: majani ya juu yamejikunja, kingo zimekuwa njano, mche umedumaa na maua yanapukutika. Rasta ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na inzi weupe, na mmea ukishaambukizwa hauna dawa. Unapopuliza unapunguza inzi tu. Ndiyo maana mbegu chotara yenye neno "stahimilivu" hununuliwa hata ikiwa ghali. Lakini kwa anayelima kuuza, neno hilo halitoshi mpaka aina yenyewe ikutane na rasta ya kwao.

Ustahimilivu huu ulichukuliwa kwa jamaa wa porini wa nyanya, huko Amerika Kusini. Jeni ya Ty-1 ilitoka kwa Solanum chilense, na Ty-2 kwa Solanum habrochaites. Ty-1 huzuia virusi visizaliane ovyo, lakini haivimalizi. Mmea huzaa ukiwa navyo. Ty-2 hufua dafu kwa virusi vya aina fulani, kwa vingine ikashindwa. Nasi hatuna kirusi kimoja: kimojawapo kimepewa hata jina la Arusha. Basi aina iliyong'ara Israeli au Florida haijathibitisha lolote kuhusu bonde lako. Zaidi ya hayo, msimu wenye inzi wachache kila aina ni shujaa. Kinachofichua ukweli ni mistari ya aina uliyokwisha kuiona ikiugua, iliyopandwa katikati ya zile mpya. Hiyo ikibaki kijani, jaribio halijakwambia kitu. Ikikunjamana, hesabu matenga yaliyouzika, kwa kuwa mmea wenye majani mazuri unaweza kuzaa tunda laini lisilofika Dar es Salaam.

Watasema kampuni za mbegu na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu nchini Tanzania, zimeshajaribu mbegu hizo. Ni kweli, na kazi hiyo ndiyo inayochuja zisizofaa, ila vituo vya majaribio haviwezi kufika kila bonde. Wengine watauliza: mmea unaobeba virusi bila kuugua, si unamwambukiza jirani? Ndiyo, unaweza. Kwa hiyo chotara haikuondolei kazi ya kufunika kitalu kwa wavu, maana mche ukiambukizwa ungali mchanga ndipo hasara huwa kubwa kuliko zote, wala ya kung'oa masalia baada ya mavuno.

Msimu ujao, kabla ya kuijaza ekari nzima chotara mpya, ipande mistari mitatu kando ya nyanya yako ya zamani, kisha uhesabu.