Jinsi maono ya mwasisi yalivyoijenga na kuibana Motown

MAONO ya mwasisi yanaweza kuipa kampuni ya burudani jina lisilosahaulika, lakini pia yanaweza kuwabana wasanii walioijenga. Historia ya kampuni ya muziki ya Motown ya Marekani inadhihirisha pande zote mbili.

Berry Gordy aliianzisha katika jiji la Detroit mwaka 1959, kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa familia yake.

Awali Gordy alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari, na huko ndiko alikopata wazo lake. Kama gari linavyoanza likiwa fremu tupu na kutoka likiwa kamili, ndivyo kijana asiyejulikana angeingia Motown na kutoka akiwa nyota.

Wazo hilo lilizaa utamaduni wa kazi. Kila wiki nyimbo mpya zilijadiliwa na kupigiwa kura kabla ya kuruhusiwa kwenda sokoni. Maxine Powell aliwafundisha wasanii adabu na mwenendo, naye Cholly Atkins akawafunza miondoko ya jukwaani.

Gordy alitaka pia muziki wa Wamarekani Weusi ununuliwe na watu wa rangi zote, katika nchi iliyogawanywa na ubaguzi. Ndiyo maana kaulimbiu ya kampuni ilijitangaza kuwa sauti ya vijana wa Marekani, bila kutaja rangi.

Hata hivyo, nidhamu ya kiwanda ilikuwa na gharama. Kwa miaka mingi majina ya wapiga ala, Funk Brothers, hayakuandikwa kwenye majalada ya santuri. Watunzi mahiri Holland, Dozier na Holland waliondoka baada ya mgogoro wa malipo.

Mwaka 1971 Marvin Gaye alitoa wimbo wa "What's Going On", ambao Gordy aliupinga awali. Ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya muziki wa R&B. Mwaka huohuo Stevie Wonder alipotimiza miaka 21, alidai na kupata uhuru zaidi wa kutunga atakavyo.

Gordy aliiuza kampuni hiyo mwaka 1988 kwa dola milioni 61. Jina la Motown bado linatumika chini ya Universal Music Group, na nyumba yake ya kwanza Detroit ni makumbusho.

Kampuni ilidumu kwa sababu maono ya mwasisi yalikuwa na nguvu. Lakini baadhi ya kazi zake zinazoheshimiwa zaidi zilipatikana pale mwasisi alipokubali kulegeza kamba.