Kulinganisha na Kuoanisha: Maneno Mawili ya Kazi ya Simu ya Upepo

Lugarawa imo wilayani Ludewa, kusini ya Njombe, katika nchi ya milima na mabonde. Kabla ya kuenea kwa simu za mkononi, hospitali na misheni nyingi za nyanda hizo zilisemezana kwa simu ya upepo ya mawimbi mafupi. Wimbi hurushwa juu, hupiga tabaka la anga lenye chembe za umeme, kisha hurudi chini nyuma ya mlima. Lakini valvu ya mwisho ya mtambo isipotengenezwa sawasawa, wimbi haliifikii antena, na ujumbe wa kuomba dawa hubaki chumbani.

Mafundi huiita kazi hiyo kutyuni. Neno hilo lafunika vitendo viwili ambavyo Kiswahili chaweza kuvitenga.

Cha kwanza ni kulinganisha. Baina ya valvu na antena pana koili moja na kapasita mbili za kuzungushwa. Fundi huifunga kabisa ile ya upande wa antena, kisha huizungusha ya upande wa valvu, huku akiutazama mshale upimao mkondo wa anodi. Mgeni hutazamia mshale upande. Kumbe ushukapo ghafula ndipo koili na kapasita zilipolingana na wimbi. Mpiga zeze akazaye uzi hutafuta jambo hilohilo, ila yeye hutegemea sikio.

Hapa haraka yatakiwa. Anodi ipewayo volti 600 na mkondo wa ampea 0.1 hutumia wati 60. Wati 40 zikienda kwenye antena, 20 huwa joto, na valvu ya 807 huzistahimili, kwani kikomo chake ni wati 25. Pasipo kulingana mkondo huzidi, na karibu nguvu zote huwa joto: anodi huiva nyekundu kama chuma cha mhunzi, na valvu hufa.

Cha pili ni kuoanisha. Antena ina ukinzani wa omu 50 au 75 hivi. Valvu hiyo yataka kama 3,000. Kapasita ya pili ndiyo mshenga. Hufunguliwa kidogo, mshale hupanda. Ya kwanza husogezwa mpaka mshale ushuke tena. Hurudiwa hivyo hata kushuka kuwe kudogo tu, na mkondo ufikie kiasi alichokiandika mtengenezaji. Akizidisha, mkondo huongezeka bali wimbi haliongezeki.

Kutafuta, wasemavyo wasikilizaji wa redio, hakufai hapa: wao hutafuta kituo kilichokwisha kuwapo. Kurekebisha nako ni kupana mno. Hata saa hurekebishwa. Kuoanisha, neno litokanalo na kuoana, lina faida nyingine. Waya wa antena ukilegea, au ukibadilishwa, ndoa ile huvunjika, na fundi huanza upya tangu kapasita ya kwanza.