Umechoka na Watu? Hivi Ndivyo Utapanga Likizo ya Kupumzika Garissa, Bila Plot Wala Presha

Kuna uchovu wa kubeba mawe, ule unalala usiku mmoja na unaisha. Halafu kuna ule wa watu. Simu inalia unaiangalia tu hadi inyamaze. Mbogi wakipanga form ya Ijumaa, unaanza kutafuta uongo wa kuwaambia. Kuna ruracio, mazishi, mchango wa harusi ya msee hamjabonga tangu 2019, na magrupu 14 za WhatsApp zote zinataka jibu. Si ati umekuwa na madharau. Umeisha chaji tu.

Hii kitu inatambulika. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza burnout kama hali inayotokana na stress ya kazi iliyokaa sana bila kushughulikiwa. Walitaja dalili tatu: nguvu kuisha, kuanza kuichukia kazi au kuwa mbali nayo, na kazi yako kushuka. Walisema wazi kuwa si ugonjwa, na kwamba wanaongelea kazi pekee. Lakini kama kazi yako ni watu, yaani unauza nguo online, unashika simu za customer care ama unatengeneza content, unajua vizuri mpaka kati ya kazi na maisha ulishapotea.

Na likizo zetu haziponyeshi. Mnaenda Diani wasee 12 kwa nyumba moja, mnagombana nani hajatuma ya gari, mnakesha, mnapiga picha 400. Unarudi Jumatatu umechoka kuliko ulivyoenda, na doh imeisha.

Mbona Garissa?

Kwanza, hakuna mtu atakuuliza plot ni gani. Garissa ni mji wa Waislamu wengi na maisha ya usiku ya aina ya Nairobi hayako. Siku inafuata adhana na jua. Kuanzia mchana joto linapita nyuzi 35 mara nyingi, na kila mtu mwenye akili anatafuta kivuli. Hapo huhitaji kumwelezea mtu mbona umelala saa 8 mchana. Mji mzima umelala.

Pili, si mbali. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 370, barabara ni ya lami: Thika, Matuu, Mwingi, Bangale, Madogo, unavuka daraja la Tana umefika. Mabasi mengi yanatoka Eastleigh. Panda la asubuhi usafiri mchana. Kitambulisho kiwe mfukoni, si chini ya begi, ju njiani kuna vizuizi vya polisi na utaitishwa.

Ukweli kuhusu usalama

Tusidanganyane. Aprili 2, 2015, magaidi waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa umri wako. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 na maisha ya mji yanaendelea, lakini sehemu za karibu na mpaka wa Somalia na msitu wa Boni bado si za kutembea ovyo. Kwa hivyo form ni hii: kaa Garissa mjini, cheki habari kabla ya kutoka, na uwe na mwenyeji hata mmoja anayejua uko wapi. Dadaab ni kambi ya wakimbizi inayohitaji kibali, si mahali pa kwenda kutazama watu. Wajir na Mandera ziache kwa siku nyingine yenye mipango yake.

Chagua mwezi

Juni hadi Agosti ndiyo angalau kuna upepo na joto limeshuka. Februari na Machi ni moto, wenyewe huita msimu huo jilaal. Mvua hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Disemba, na zikizidi Tana inavunja kingo. Novemba 2023 na Aprili 2024 barabara ya Madogo ilifunikwa na maji na wasafiri wakakwama. Ramadhani nayo ni tamu kwa utulivu wake, lakini hoteli nyingi za chakula hufungwa mchana. Kama hufungi, panga mapema.

Siku nne zinatosha

Siku ya kwanza usifanye kitu. Oga, kula, lala. Usitoke kuangalia mji, hautahama.

Siku ya pili na ya tatu, fuata jua. Saa 12 asubuhi hadi saa 3 tembea. Bour-Algi iko kama kilomita 5 kutoka mjini, ni hifadhi ya jamii yenye twiga wale wa madoa makubwa yaliyotenganishwa na mistari myeupe kama wavu. Twiga hana haraka. Ukimwangalia nusu saa hata pumzi yako inashuka. Saa 6 hadi saa 10 uko ndani, feni inazunguka, simu iko mbali. Jioni tembea upande wa mashamba ya mto, kwenye ndizi na maembe, lakini usikaribie maji. Tana ina mamba na viboko, na hawajui uko likizo.

Usiku kaa kwa chai. Kuna kitu Wasomali huita fadhi ku dirir, yaani kukaa na kupigana kwa maneno. Wazee na vijana wanabishana siasa hadi usiku. Raha yake ni kuwa mgeni anaweza kusikiliza tu. Uko katikati ya watu na hakuna anayetaka kitu kutoka kwako.

Siku ya nne pakia polepole, urudi.

Ya kudishi: wali na nyama ya ngamia, anjera asubuhi, nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa mafuta. Maziwa ya ngamia anza na glasi ndogo. Tumbo ambalo halijazoea linaweza kukupangia likizo nyingine.

Heshima inakununulia amani

Vaa nguo ndefu na pana. Inasaidia hata na jua. Dada, beba mtandio. Usipige wanawake picha bila ruhusa, na kamera usiwahi kuelekeza kwa polisi ama jeshi. Salamu ni "Salaam aleikum", asante ni "mahadsanid". Mzee wa kiume muite adeer. Usije pia na ile stori ya "hawa watu hawana stress". Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo na familia nyingi zikapoteza mifugo yote. Utulivu unaouona si uvivu, na si ushahidi kuwa mambo ni rahisi.

Kama Garissa ni kwenu

Hapa ndipo ngori iko. Msee wa Eastleigh akienda nyumbani hapumziki. Ayeeyo anakungoja, kuna harusi tatu, na kuna qaaraan, mchango wa ukoo ambao hauwezi kuukwepa ukishaonekana sokoni. Usijifiche, utajulikana kabla ya jioni. Tembelea wakubwa siku ya kwanza, salimia wote, toa kile uko nacho, halafu waambie wazi: "Nimekuja kupumzika, nitapita tena siku ya kuondoka." Lala lodging kama unaweza. Mtu aliyesalimia vizuri huachwa apumzike. Aliyekwepa ndiye hutafutwa.

Kabla utoke Nairobi

Andikia watu wako meseji moja: niko sawa, niko mbali hadi Jumatano, dharura pigieni fulani. Mtafute huyo fulani kwanza akubali. Toa magrupu sauti. Hesabu fare ya kwenda na kurudi, lodging na chakula, halafu weka ya dharura pembeni usiiguse.

Na kama umepumzika na bado hutaki kuamka, hakuna kinachokufurahisha kwa wiki mbili au zaidi, au unawaza kujiumiza, hiyo haihitaji basi. Ona daktari, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Garissa itakungoja.