Kiatu cha Farasi Hupimwa Siku Gani?

Farasi jike mmoja niliyekuwa nikimhudumia alirudi matembezini amechubuka nyuma ya kisigino, kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Buti la kuvika ukwato lilikuwa jipya, tena la bei, na aliyelipima ni mimi. Nililipima wiki ya sita tangu kwato zake zikatwe. Siku chache baadaye fundi wa kwato akaja na tupa yake, akaondoa kilichozidi, na buti lililokuwa limeshika vizuri likaanza kucheza mguuni. Mchanga ukaingia, ukafanya kazi ya msasa.

Ukwato ni kama ukucha: huota milimita 6 hadi 10 hivi kwa mwezi. Ukipima kabla ya kukata, unanunulia mguu ambao kesho haupo. Pima siku mbili tatu baada ya fundi kuondoka, farasi akiwa amesimama mahali pagumu kwanza, kisha unyanyue mguu. Vipimo ni viwili: upana pale ukwato ulipotanuka zaidi, na urefu kutoka ncha ya mbele hadi pale ukuta mgumu unapoishia nyuma. Yale matuta mawili laini ya kisigino hayahesabiwi, na hapo ndipo wengi hupotea. Andika kwa milimita, kila mguu peke yake. Kwato za mbele huwa za duara zaidi, za nyuma zimechongoka. Hata kushoto na kulia si lazima zilingane. Kila mtengenezaji ana jedwali lake, kwa hiyo namba iliyokufaa kwa Easyboot haikusaidii kitu ukienda kununua Scoot Boot.

Urefu ukizidi upana sana, usitafute buti refu. Mwite fundi, huenda ncha imeachwa ikaota mno, na farasi huyo atajikwaa hata ukimvisha dhahabu.

Siku ya kujaribu, vika ukwato mfuko wa plastiki kwanza ili buti lisichafuke, maana huenda ukalirudisha dukani. Funga mikanda, nyanyua mguu, shika buti kwa mikono miwili ulizungushe kama unayefungua kopo. Likizunguka, ni kubwa. Usijidanganye kwamba mikanda ikikazwa zaidi litatulia: buti hushikwa na umbo la ukwato, mikanda ni msaada tu. Mkanda wa juu ya kisigino uache nafasi ya kidole. Kisha mtembeze, mzungushe kulia na kushoto, halafu aende mwendo wa matiti. Hatua chache za mwanzo atanyanyua miguu juu kama anayekanyaga maji. Hiyo ni ajabu ya kitu kipya, huisha. Akiendelea hivyo, vua uangalie.

Safari ya kwanza isizidi nusu saa. Ukivua, pitisha vidole pale nywele zinapokutana na ukwato na nyuma ya kisigino. Joto au nywele zilizolala vibaya hutangulia kidonda.

Wazo lenyewe ni la kale. Warumi walikuwa na kiatu cha chuma kilichofungwa kwa kamba ukwatoni, bila msumari. Faida yake ni hii: ukwato hutanuka kidogo kila unapobeba uzito, na nali, kile chuma kinachopigiliwa kwa misumari, huubana usiku na mchana. Buti hufanya kazi barabarani, kisha huvuliwa. Simchukii mpiga nali. Farasi wa kazi nzito kila siku pengine humfaa yeye kuliko mimi. Lakini kwa farasi anayetoka mara mbili tatu kwa wiki kwenye kokoto, au aliyeng'olewa nali na nyayo bado laini, nachagua buti. Mwenye jipu ukwatoni pia hunufaika, kwa kuwa dawa hukaa mahali pake na uchafu hauingii, ila huyo aonwe kwanza na daktari wa mifugo.

Asilale nalo bila sababu ya matibabu. Jasho na unyevu huozesha ile pembetatu laini katikati ya nyayo, na harufu yake utaijua kabla hujainama. Osha, anika kivulini.

Na hata kama farasi wako amepigwa nali, funga buti moja la akiba nyuma ya tandiko. Nali haichagui pa kung'okea, na kilomita kumi za mawe ni nyingi kwa mguu mtupu.